Undugu, umri na msimu wa korosho: mambo ya kijamii katika usimamizi wa utendaji kazi

Usimamizi wa utendaji kazi ni utaratibu wa mwajiri na mfanyakazi kukubaliana malengo, kufuatilia utekelezaji, kupeana mrejesho na mwisho kupima matokeo. Mambo ya kijamii ni yale yanayomfikia mtu kupitia watu anaoishi nao: ukoo, umri, jinsia, dini, urafiki, majukumu ya nyumbani. Hayana sehemu kwenye fomu, ila yanaingia kwenye alama.

Katika utumishi wa umma wa Tanzania hili linaonekana vizuri kwenye OPRAS, mfumo wa wazi wa mapitio na tathmini ya utendaji kazi ulioanza 2004 kuchukua nafasi ya taarifa za siri, ambazo mtumishi alipimwa bila kuona alichoandikiwa. Fomu ya OPRAS ilikuwa na alama 1 kwa utendaji bora kabisa hadi 5 kwa utendaji dhaifu sana. Kila lengo liliwekewa alama tatu: mtumishi anajipima, msimamizi anampima, kisha wanaweka alama ya makubaliano. Hiyo ya tatu ndiyo yenye mtihani.

Chukua ofisi moja ya halmashauri huku kusini, Newala au Nachingwea. Msimamizi ni kijana, anayepimwa ni mtu mzima ambaye kwa upande wa mama ni mjomba wake. Kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera ukoo hufuata upande wa mama, na neno la mjomba lina uzito kwenye mambo ya familia. Mzee kajipa 2. Kijana anajua wakulima hawajamwona shambani miezi miwili, alama yake ni 4. Anaamkia, anakaa, fomu ipo mezani. Wanakubaliana 2. Simlaumu kijana huyo. Kosa ni la utaratibu uliomkabidhi mzigo huo peke yake, wakati angeweza kupewa mpimaji wa pili, au daftari la ziara lenye sahihi za wakulima likazungumza badala yake. Sasa mahali pa OPRAS upo mfumo wa kielektroniki wa PEPMIS, lakini anayeidhinisha kazi bado ni mtu mwenye ndugu.

Msimu nao una nguvu. Minada ya korosho huanza Oktoba, na mapitio ya nusu mwaka ya OPRAS yaliangukia Desemba. Watumishi wengi wa huku wana mikorosho yao, na familia inawategemea. Meneja anayepanga malengo mazito kwa miezi hiyo bila kuwauliza atapima uchovu. Wanawake wanabeba zaidi, kwa sababu wakitoka ofisini jiko na watoto vinawasubiri.

Undugu huohuo hujenga pia. Mtu akifiwa, wenzake hushika zamu yake bila kuambiwa na bosi, na kazi haisimami. Jambo hilo lapaswa kuhesabiwa kwenye tathmini kama ushirikiano, maana ni utendaji halisi, na mara nyingi wanaolifanya hawapati hata alama moja kwa ajili yake.