Gesi ajizi: gesi zilizoshiba

Mtwara ukitaja gesi, mawazo ya watu yanakimbilia Mnazi Bay na mitambo ya Madimba. Lindi watakutajia Songo Songo, kule Kilwa. Gesi hiyo kwa sehemu kubwa ni methani, na kazi yake inajulikana: ikipata oksijeni na cheche, inawaka. Ndiyo maana mwanafunzi wa huku anashangaa akisoma kwamba zipo gesi ambazo hata uziwashie kiberiti, hakuna kitu.

Hizo ndizo gesi ajizi, wengine huziita gesi adimu. Ziko sita za asili: heliamu, neoni, agoni, kriptoni, zenoni na radoni. Zimekaa safu ya mwisho kulia kwenye jedwali la elementi. Hazina rangi, harufu wala ladha, na kila atomi inatembea peke yake, wakati oksijeni hutembea wawili wawili.

Wahenga walisema ajizi ni nyumba ya njaa. Hapa ni kinyume, maana ajizi hii imeletwa na shibe. Atomi huungana na nyingine kwa sababu tabaka lake la nje la elektroni, zile chembe ndogo zinazozunguka kiini chake, halijakamilika. Heliamu ina elektroni 2, na tabaka lake limejaa. Neoni ina 2 tabaka la ndani na 8 la nje. Agoni ina 2, 8 na 8. Haziombi, hazikopeshi.

Tazama chumvi inayovunwa kwenye mashamba ya pwani yetu. Sodiamu ina 2, 8 na 1. Klorini ina 2, 8 na 7. Sodiamu inatoa ile moja, klorini inaipokea, zinashikana. Sasa hesabu upya: sodiamu imebaki na mpangilio wa neoni, klorini imepata wa agoni. Kumbe kila punje ya chumvi imetokana na elementi mbili kutafuta shibe ambayo gesi ajizi zilikuwa nayo tangu mwanzo. Mwanafunzi akilielewa hili, nusu ya kemia ya kidato cha pili ameshaimaliza.

Agoni ni karibu asilimia 1 ya hewa tunayovuta, lakini haikujulikana mpaka mwaka 1894. Wanasayansi Rayleigh na Ramsay, huko Uingereza, waliona nitrojeni iliyotolewa hewani ni nzito kidogo kuliko ile iliyotengenezwa kwa kemikali: gramu 1.257 kwa lita dhidi ya 1.251. Tofauti ndogo hiyo hawakuidharau, na ndani yake wakaikuta gesi mpya. Jina walilichukua kwenye Kigiriki, maana yake mvivu.

Mvivu huyo ana kazi karakana. Simama karibu na fundi anayechomelea alumini (usiangalie ule mwanga bila kioo). Anafungua mtungi wa agoni, gesi inatoka taratibu kwenye ncha ya tochi, na alumini inayeyuka inang'aa kama zebaki. Agoni imeizingira, oksijeni haigusi. Mtungi ukiisha katikati ya kazi utaona mara moja: weldi inakuwa nyeusi, yenye vitundu vitundu. Ila tahadhari: agoni ni nzito kuliko hewa, hujaa chini kwenye chumba kilichofungwa na kuifukuza oksijeni bila kutoa harufu yoyote. Fungua madirisha.

Je, shibe hiyo haina mwisho? Kwa miaka mingi wanakemia wengi waliamini haina. Lakini zenoni ni atomi kubwa. Elektroni zake za nje ziko mbali na kiini, hazijashikwa kwa nguvu kama za heliamu. Mwaka 1962, huko Kanada, mwanakemia Neil Bartlett aliikutanisha zenoni na mvuke mwekundu wa platinamu na florini, mwenye uchu mkali wa elektroni. Papo hapo ikatokea dutu ngumu ya rangi ya manjano. Zenoni ilikuwa imeungana.