Kikapu cha gome hakihitaji vanishi

Wengi wakiona kikapu cha Kijapani kilichosukwa kwa gome hudhani kitakauka na kubanduka kama gome la kuni, hivyo kipakwe vanishi au kiwekwe kabatini. Si kweli, na vanishi hukiharibia uzuri wake.

Chukua vikapu vya mzabibu mwitu, yamabudo, vya Mishima, mji wa milimani katika mkoa wa Fukushima, Japani. Gome huvuliwa mwanzoni mwa kiangazi, takriban Juni, mmea ukiwa umejaa maji na gome likiachia kwa urahisi. Lile ganda gumu la nje, linalobanduka, hutupwa. Kinachosukwa ni tabaka la ndani lenye nyuzi ndefu: hukaushwa, hulowekwa, hulainishwa, kisha hukatwa chane za upana mmoja na kusukwa kuzunguka kalibu ya mbao. Shika mpini wake uone; mgumu kama mkanda wa ngozi.

Kikiwa kipya huwa na rangi hafifu, na hukwaruza kidogo. Mafuta ya mikono ndiyo yanayokipa weusi na mng'aro, mwaka hadi mwaka, na kikitunzwa hurithiwa. Kwa hiyo kibebe! Adui wake hasa ni unyevu: kikilowa, kifute, ukianike kivulini penye upepo, kisiote kuvu.