Maoni ya wateja: wanayoamini wanafunzi wa ubunifu, na yaliyo kweli

Dhana: Kukusanya maoni ni kugawa dodoso.
Dodoso hujibu maswali uliyokwisha kuyafikiria tu. Safaricom walipoanza kuijaribu M-Pesa mwaka 2005, nia ilikuwa kuwawezesha wateja wa Faulu Kenya, taasisi ya mikopo midogo, kurejesha mikopo kwa simu. Walikuwa mamia machache tu. Walipofuatiliwa wanachokifanya hasa, ikaonekana wanatumiana pesa wao kwa wao, wafanyabiashara wanalipana, na wengine wanaziweka humo usiku kucha kwa kuwa benki imeshafungwa. Swali la "Je, ni rahisi kurejesha mkopo kwa simu?" lingeyaibuaje hayo? Huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, mkopo uliwekwa kando, matangazo yakahimiza kutuma pesa nyumbani. Ndiyo maana zoezi la kwanza darasani liwe kutazama: mwanafunzi akae gengeni au kwa wakala, aandike watu wanavyofanya, asiulize kitu.

Dhana: Akisema "nzuri", imempendeza.
Kwetu mgeni hakosoi chakula alichoandaliwa, na mama muuza mboga hatamvunja moyo kijana aliyemletea kapu la majaribio. Atasema "nzuri, mwanangu", na kapu litabaki pembeni. Mwombe afungashe mchicha humo ukiwa unaona, kisha umuulize jana alibebea nini. "Ungelinunua?" usiliulize kabisa. Ikiwezekana, anayehoji asiwe yule aliyelitengeneza. Mbele ya mwingine watu hulalamika kwa raha zaidi.

Dhana: Wakiwa wengi, ndiyo uhakika.
Coca-Cola walionjesha karibu watu 200,000 kabla ya kubadilisha kinywaji chao Aprili 1985. Ladha mpya ilishinda vikombeni, lakini uchungu wa watu kunyang'anywa ile waliyoizoea haukupimwa ipasavyo. Julai mwaka huohuo ya zamani ikarudi madukani. Kwa upande mwingine, Jakob Nielsen, mtaalamu wa kupima urahisi wa kutumia tovuti, alieleza mwaka 2000 kwamba watumiaji 5 hutosha kufichua sehemu kubwa ya kasoro za matumizi ya tovuti. Lakini ni kasoro tu: watano hawakuambii bei wala ukubwa wa soko.

Dhana: Kila maoni yafanyiwe kazi.
Hapana. Mteja akisema "ongeza kitufe", tafuta alipokwama. Huenda kilichopo hakionekani.

Dhana: Maoni hutafutwa kazi ikishakamilika.
Kazi ikishakamilika mwanafunzi huitetea, hasikilizi tena. Na walimu tunachangia, maana alama karibu zote tunaziweka kwenye maonyesho ya mwisho. Mimi ningetenga robo ya alama kwa daftari la mabadiliko: alichosikia, alichokiona, alichobadilisha, na alichokataa kubadilisha pamoja na sababu zake.