Pesari ya ukeni: ni nini, na namna ya kuitunza mwenyewe nyumbani

Pesari ya ukeni ni kifaa laini, siku hizi mara nyingi cha silikoni, kinachowekwa ndani ya uke ili kuvishikilia viungo vya nyonga vilivyoshuka. Misuli na kano zinazovibeba viungo hivyo zikilegea, kwa sababu ya uzazi, umri, kukoma hedhi, kikohozi cha muda mrefu au kunyanyua mizigo mizito, kizazi huweza kuteremka hadi mwanamke akakihisi mlangoni mwa uke. Pengine si kizazi bali ni kibofu cha mkojo kinachosukuma ukuta wa mbele wa uke, au utumbo unaosukuma ukuta wa nyuma. Pesari huvirudisha mahali pake na kuvizuia huko. Haiponyi ulegevu wenyewe. Inaubeba kwa muda wote inapokuwa ndani, na kwa wanawake wengi hilo linatosha kabisa kuahirisha upasuaji au kuuepuka. Zipo pia pesari za kupunguza kuvuja kwa mkojo mtu anapokohoa au kucheka.

Dawa za kuingiza ukeni nazo huitwa pesari, lakini hizo huyeyuka zikaisha. Kifaa ninachokieleza hapa hakiyeyuki, na wala hakizuii mimba.

Inayotumika zaidi ni ya umbo la pete. Daktari, mkunga au muuguzi aliyefunzwa hupima kwa vidole, huchagua ukubwa, kisha humwambia mwanamke atembee, akohoe, ajikamue, na aende msalani akojoe kabla hajaondoka. Pesari iliyokaa sawa haihisiki. Ikiuma ni kubwa mno, au imekaa vibaya. Ikiteleza na kutoka ni ndogo mno, au umbo hilo halikufai. Kujaribu mbili tatu kabla ya kupata inayofaa ni jambo la kawaida, na mtu asikate tamaa kwa sababu ya kwanza haikukaa.

Wanawake wengi huachwa waamini kwamba kuitoa na kuirudisha ni kazi ya kliniki peke yake. Si kweli. Nchini Uingereza, utafiti uitwao TOPSY, uliochapishwa mwaka 2023, uliwafuatilia wanawake 340 kwa miezi 18: baadhi walifundishwa kujihudumia nyumbani, wengine walihudumiwa kliniki kama ilivyozoeleka. Ubora wa maisha haukutofautiana, lakini waliojihudumia walipata matatizo machache zaidi ya pesari. Kwa hiyo ukipewa pesari ya pete na mikono yako ina nguvu za kutosha, omba ufundishwe, na ufanye mbele ya mhudumu mpaka uwe na uhakika.

Kuitoa kwanza. Nenda haja ndogo, nawa mikono, kisha chagua mkao unaokufaa: kulala chali magoti yakiwa yamekunjwa, kuchuchumaa, au kusimama mguu mmoja ukiwa juu ya kiti. Ingiza kidole na utafute ukingo wa pete nyuma ya mfupa wa kinena. Upitishe kidole ndani ya ukingo huo, jikamue kidogo kana kwamba unataka haja kubwa, kisha vuta kwa upole kuelekea chini na nje. Usishikilie pumzi, mwili ukikaza, njia nayo hukaza. Asiyeufikia ukingo aulize kama inafaa kufungiwa uzi wa kuvutia.

Ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, isuuze mpaka sabuni iishe, ikaushe. Basi. Dawa za kung'arisha nguo, spiriti na dawa za kuua vijidudu hazihitajiki, na mabaki yake huunguza uke. Silikoni kugeuka rangi si kosa. Ikipata nyufa, au uso wake ukianza kukwaruza, omba nyingine.

Kuirudisha: ikunje katikati pale inapokubali kukunjika, paka jeli ya maji kidogo kwenye ncha itakayotangulia tu, maana ukipaka kote itakuponyoka. Isukume kuelekea nyuma, upande wa kifandugu, si juu moja kwa moja. Ukiiachia itafunguka yenyewe. Izungushe kidogo ili sehemu inayokunjika isielekee mlangoni, na ukingo wa mbele ukae nyuma ya mfupa wa kinena. Kidole kiweze kupita kati ya pete na ukuta wa uke. Simama, tembea, kohoa. Ukiihisi, irekebishe.

Mara ngapi? Wapo wanaoitoa kila usiku, wapo wa mara moja kwa wiki, na wengine hukaa nayo zaidi ya hapo kwa ratiba waliyopewa. Asiyeweza kuitoa mwenyewe kwa kawaida hurudi kliniki kila miezi 3 hadi 6. Lakini pesari ya mchemraba hunata kwa kufyonza na inatakiwa itolewe kila siku. Usiivute kwa nguvu kabla ya kupitisha kidole pembeni ili hewa iingie. Ile yenye kisahani na kishina nayo hufyonza vivyo hivyo, na wengi huhitaji mhudumu kuitoa. Aina hizi mbili hutolewa kabla ya kujamiiana. Pete huweza kubaki ikiwa wote wawili hawasumbuki.

Jambo moja huwashtua watu: mkojo kuanza kuvuja baada ya kuwekewa pesari. Kibofu kilichoshuka huupinda mrija wa mkojo, kama mpira wa bustani uliokunjwa, na mpindo huo ndio uliokuwa ukizuia uvujaji. Ukinyooshwa, udhaifu uliojificha hujitokeza. Mwambie aliyekuwekea, kwa sababu zipo pesari zenye kinundu cha kuubana mrija, na mazoezi ya misuli ya nyonga husaidia.

Ute mweupe au usio na rangi huongezeka, na hilo halina shida. Usijisafishe ndani kwa sabuni wala maji ya dawa. Baada ya kukoma hedhi ukuta wa uke huwa mwembamba na mkavu, ukachubuka kirahisi, ndiyo maana wengi hupewa krimu ya estrojeni, yaani homoni ya kike. Aliyewahi kuwa na saratani ya matiti amweleze daktari kabla ya kuitumia. Choo kigumu kitibiwe pia, kwani kujikamua sana ndiko huitoa pete mahali pake.

Kushindwa kukojoa ni dharura: toa pesari kama unaweza, na uende hospitali siku hiyo hiyo. Damu, uchafu wenye harufu mbaya, maumivu, au kushindwa kupata haja kubwa baada ya kuwekewa, navyo visisubiri tarehe ya kliniki.

Hatari kubwa ya kifaa hiki ni kusahauliwa. Pesari iliyoachwa miaka ndani huweza kuchimba kidonda, kuzamia kwenye nyama, hata kutoboa hadi kwenye kibofu au utumbo na kusababisha fistula. Anayeanza kupoteza kumbukumbu hawezi kuachiwa jukumu hili peke yake. Aina ya pesari, ukubwa wake na tarehe iliyowekwa viandikwe kwenye karatasi za hospitali alizo nazo mwenyewe, na binti, dada au yeyote anayemhudumia aambiwe waziwazi kwamba ipo, na lini inatakiwa kutolewa.