Jeraniumu yako ni mpya kweli? Soma hii kabla hujaanza kuiuza

Tangu mvua ianze wiki haipiti bila mtu kutujia na mkebe wa mafuta ya Kasuku wenye jeraniumu ndani, anasema amevumbua ua jipya na anataka cheti cha haki ya mzalishaji. Tunafurahi kuona watu wanaipenda hii kazi, lakini wengi wanaondoka wamenuna na malalamiko yamezidi, ndio maana nimeona nieleze hapa kwa urefu.

Tunaongelea ile jeraniumu ya vyungu vya barazani. Kitaalamu ni Pelargonium na kwao ni Afrika Kusini. Linnaeus, yule Mswidi aliyepanga majina ya mimea, aliichanganya na Geranium zenyewe 1753, Mfaransa L'Héritier akazitenga 1789, jina la zamani likabaki midomoni na hatugombani na mtu kwa hilo.

Kuna mama alileta yake, tawi moja majani yana kingo nyeupe na matawi mengine yote ni kijani tupu. Ilikuwa nzuri, sikatai. Nikamwambia mama, kata hicho cheupe upande, kikishashika kata tena upande, rudia hivyo mara tatu alafu uje tuhesabu. Alirudi na miche kumi na miwili, mitano imerudi kijani kama bibi yao, miwili ilitoka nyeupe pepe ikafa sababu haina kijani cha kujipikia chakula, iliyobaki hakuna uliofanana na mwenzake. Mmea wa hivyo una tishu za aina mbili zinazokaa pamoja na wakati wowote moja inaweza kushinda nyingine. Aina mpya ni ile ukiizalisha inakuja ileile, leo, mwakani na mwaka wa tatu. Na hayo majani ya madoadoa ya njano mnayoleta mara nyingi ni virusi, jamani, huo ni ugonjwa!

Anayezalisha kwa makusudi anaanza mbali. Anachagua mama na baba, alafu anavizia ua la mama kabla halijafunguka vizuri, manake kwenye jeraniumu vifuko vya chavua vinakomaa kabla ya stigma, yaani sehemu ya kike inayopokea chavua, kuwa tayari, kwa hivyo unaving'oa na kibano kimoja kimoja bila kugusa katikati. Unasubiri siku chache mpaka stigma ipasuke vipande vitano vinavyojikunja nje kama kinyota, hapo ndipo unapaka chavua ya baba na kufunga lebo ya tarehe na majina ya wazazi. Ikishika unaona mdomo wa tunda unarefuka kama wa korongo (na jina Pelargonium limetokana na huyo ndege kwa Kigiriki), ukikauka unapasuka na kila mbegu inaning'inia kwenye mkia wa manyoya uliojisokota. Ua moja halizidi mbegu tano. Ganda ni gumu, unalikwaruza kidogo ndio maji yapite. Alafu kila mche unaoota una sura yake, utatupa mamia ubaki na michache. Kuna wazazi wenye kromosomu (nyuzi za urithi ndani ya seli) 18 na wengine 36, ukiwachanganya unapata mtoto wa 27 ambaye kwa kawaida hazai, ila kwa ua la kuzalishwa kwa vipandikizi, yaani vipande vya tawi, hiyo sio hasara.

Hapo ndipo kazi ya kupima inaanza, na hapa ndipo wengi hukosa subira. Petali nzuri peke yake haitoshi. Mashamba yetu yanatuma vipandikizi Ulaya kwa ndege, kwa hivyo tunataka kujua mmea mama mmoja unatoa vipandikizi vingapi kwa wiki, vinatoa mizizi baada ya siku ngapi, na vikikaa kwenye boksi la giza siku tatu nne majani yanageuka njano ama yanabaki. Jeraniumu inateswa sana na ethilini, ile gesi inayozeesha mimea, ziko zinazomwaga petali zote ukizisogeza tu. Tunaangalia pia jua kali, mvua, kutu ya majani. Yote hayo kwa msimu zaidi ya mmoja.

Kuhusu haki ya mzalishaji, maombi yanapokelewa KEPHIS, shirika la serikali ya Kenya la kukagua afya ya mimea. Aina lazima iwe mpya, iwe tofauti na zinazojulikana, ifanane yenyewe kwa yenyewe na isibadilike ikizalishwa. Kufanana tunahesabu, hatukisii: kwenye mimea 20 ya vipandikizi unaruhusiwa mmoja tu uliokengeuka, wakiwa wawili umeanguka. Rangi tunalinganisha na kadi za rangi za RHS, chama cha bustani cha Uingereza, sio "pinki fulani hivi". Upya nao una saa yake: ukiwa umeuza hapa nchini kwa zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kuomba, ama nje kwa zaidi ya miaka minne, imekwisha, hata ukilia hatuna la kufanya. Jina lisidanganye mnunuzi na likikubaliwa ndilo hilohilo kila nchi mwanachama wa UPOV, umoja wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea. Haki inadumu miaka 20. Usipolipa ada inafutwa kuanzia hapo, lakini ikigundulika aina haikuwa mpya wakati haki inatolewa, haki inabatilishwa, yaani inahesabika kama haikuwahi kuwepo, na hizo ni adhabu mbili tofauti naomba msizichanganye. Aliye na haki anaweza kukuzuia kuzalisha, kuuza, kutoa nje, kuingiza nchini, hata kuweka stoo kwa ajili ya hayo, na korti inaweza kukulipisha. Kupanda kwako nyumbani bila biashara, kufanya majaribio, ama kuitumia kuzalisha aina nyingine, hakuna atakayekugusa.

Na tafadhali, cheti hakisemi ua ni zuri wala litauzika. Kinasema ni la nani.

Kitu cha mwisho, na hiki kinaniuma. Acheni kubebeana vipandikizi kwenye matatu. Mwaka 2003 vipandikizi vya jeraniumu kutoka Kenya vilikutwa Marekani na bakteria ya Ralstonia solanacearum, grinhausi zikawekwa karantini na mimea ikaharibiwa. Ni bakteria ileile inayonyausha viazi vya wakulima wetu, na kwenye baridi jeraniumu inaibeba bila kuonyesha dalili yoyote, unamwona mzima na amebeba.

Kwa hivyo ukija, njoo na daftari: wazazi ni nani, ulichavusha lini, umezalisha mara ngapi, umeuza kwa nani na tarehe gani, pamoja na picha za jani, ua na mmea mzima zilizopigwa mchana. Mmea wenyewe uache nyumbani mpaka tukuambie uulete.