Kwa nini "table" hufungua mjadala London na kuuzika Washington?

Niliwahi kusoma kwamba Seneti ya Marekani ime-"table" mswada fulani. Nikamwambia mwenzangu, tena kwa kujiamini, kwamba mswada umeshaingia, sasa ni mjadala. Kumbe nilikuwa napiga vigelegele msibani.

Kwa Mwingereza, kitenzi hicho kilichozaliwa na neno "meza" ni kuleta jambo lijadiliwe. Ndiyo njia ya Bunge la Dodoma pia: kwenye shughuli za siku mna "Hati za Kuwasilisha Mezani". Kwa Mmarekani ni kinyume chake, kuliweka jambo kando.

Kosa langu la pili lilikuwa kudhani Wamarekani wamekivuruga Kiingereza cha wenyewe. Wapi! Meza ni ileile. Katika ukumbi wa Bunge la Uingereza ipo meza kweli, ya mbao, na makarani wamekaa hapo. Karatasi ikitua juu yake imepokelewa rasmi. Ila kupokelewa si kushughulikiwa. Kumbukumbu za zamani za bunge hilohilo zimejaa maombi ya wananchi yaliyoamriwa "yalale mezani". Yamepokelewa, basi.

Ni kama kuambiwa ofisini, "Faili lako lipo mezani kwa bosi." Ukiwa na bahati, bosi analisoma sasa hivi. Huna bahati, limeshika vumbi na kikombe cha chai kimewekwa juu yake. Sentensi haikubadilika hata herufi moja. Waingereza wakashika ile dakika karatasi inapotua. Wamarekani, yaelekea, wakashika ule usingizi wake.

Na huko Marekani usingizi wenyewe una madaraja. Kwa kanuni za mikutano alizochapisha Henry Robert mwaka 1876, hoja iliyolazwa mezani ni chakula kilichofunikwa kawa: kikao kikipiga kura kuifunua, watu wanaendelea kula. Kwenye Congress, yaani Bunge la Marekani, kawa hiyo ni nadra kufunuliwa. Kura ya kulaza haijadiliwi, na ikipita, hoja kwa kawaida imekufa.

Churchill alisimulia kwamba wakati wa Vita Kuu ya Pili, maofisa wa Uingereza walitaka waraka wao wa haraka uwekwe mezani. Wenzao Wamarekani wakaelewa kwamba unatiwa kwenye droo usahaulike, wakakataa. Wakabishana muda mrefu, hata kwa ukali, kabla ya kugundua kwamba wote walikuwa wanataka kitu kilekile.