Je, wajua kwa nini taa ya nje ya shule au zahanati inawaka saa 6 mchana?

Ukipita kwenye shule, zahanati au ofisi ya kata ukakuta taa ya nje inawaka na jua liko utosini, wengi tunamlaumu mlinzi, eti kasahau kuzima. Mara nyingi mlinzi wa watu hana kosa, taa yenyewe haina hata swichi ya kuzimia, inaendeshwa na fotoseli, kile kidude kidogo cha kuhisi mwanga kinachokaa juu ya taa au ukutani. Sasa fotoseli nyingi zikifa, taa inabaki inawaka.

Na zimetengenezwa hivyo makusudi kabisa. Ndani kuna kipande kinachohisi mwanga, jua likikipiga kinapitisha umeme kirahisi na hapo swichi ya ndani inakata, taa inazima, giza likiingia swichi inarudi yenyewe. Yaani kazi ya fotoseli ni kuzima tu, kuwaka ndo hali ya kawaida. Bora taa iwake bure mchana kuliko mama anayekuja kujifungua usiku akute geti la zahanati ni giza totoro. Mi hapo naungana na watengenezaji, ila basi ikiwaka mchana tuihesabu kuwa ni taarifa ya ubovu, siyo tuizoee miezi na miezi.

Maana gharama ipo. Taa ya halojeni ya wati 400 kwa masaa 12 inakula yuniti 4.8, ikikesha na kushinda inawaka ni 9.6 kwa siku, na hiyo ni taa moja! LED ya wati 80 inayotoa mwanga unaokaribiana na huo haifikishi hata yuniti 1 kwa usiku mzima. Halafu LED inawaka papo hapo, kwa hiyo unaweza kuifungia sensa inayoiwasha mtu akipita, kitu ambacho zile taa za sodiamu za rangi ya chungwa haziwezi kwa sababu zinahitaji dakika kadhaa kupata moto.

Wengine wanasema si tufunge taima tu, iwashe na kuzima taa kwa saa tulizopanga. Huku kwetu inawezekana, Dar jua linazama kati ya saa 12 na robo hivi na saa 1 kasoro dakika 10 mwaka mzima, tofauti na London ambako mwezi wa 12 linazama kabla ya saa 10 jioni na mwezi wa 6 linazama saa 3 usiku imeshapita. Shida ni umeme ukikatika, taima isiyo na betri inapoteza saa na kuanza kuwasha muda wa ajabu.

Kabla hujanunua fotoseli mpya, mwambie fundi azime umeme kwanza apande aangalie, maana vumbi, kinyesi cha ndege au mti uliokua ukaleta kivuli vinaifanya ione bado ni usiku. Na kama taa inawaka na kuzima usiku kucha, hapo mara nyingi fotoseli inaona mwanga wa taa yake yenyewe, haijafa, igeuzwe tu iangalie angani.